Ushuhuda Bila Hoja: Waandishi, Ubaguzi wa Rangi na Mazungumzo ya Mtandaoni

George Floyd alipouawa na polisi mjini Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, vitabu kuhusu ubaguzi wa rangi vilipanda kwa kasi katika orodha za mauzo nchini Marekani. Kumbi nazo zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Tamasha la vitabu la Edinburgh, na lile la Maktaba ya Bunge la Marekani, mwaka huo yalifanyika mtandaoni tu. Ndipo ikazoeleka picha ileile: mwandishi Mweusi nyumbani kwake, rafu ya vitabu nyuma yake, mwendesha mazungumzo upande wa pili wa skrini, maswali ya hadhira yakiingia kwa maandishi. Mada nayo ikazoeleka: namna ya kuukabili ubaguzi, na namna mwandishi alivyoyashinda masaibu yake. Ninadai kwamba mada hizi mbili zikipikwa chungu kimoja, ya pili huimeza ya kwanza.

Masaibu ya mtu binafsi, iwe maradhi, ufiwa au ulevi wa mzazi, husimulika yakawa na mwanzo na mwisho, na mwandishi aliyeketi mbele ya kamera ndiye ushahidi kwamba yamepita. Ubaguzi hauna umbo hilo. Ramani za miaka ya 1930 zilizopaka mitaa ya Weusi wa Marekani rangi nyekundu, ikahesabiwa kuwa haifai kukopeshwa, hazikufutika kwa sababu mjukuu mmoja amechapisha kitabu. Lakini mwandishi akiulizwa alipata wapi nguvu, atamtaja mama, sala, labda mwalimu. Benki haina pa kuingilia katika jibu hilo.

Mgawanyo huu wa kazi, Mweusi asimulie na wengine wachambue, ni mkongwe kuliko intaneti. Frederick Douglass alitoroka utumwa wa Maryland mwaka 1838, na mwaka 1841 akasimama kuhutubia mkutano wa wapinga utumwa kisiwani Nantucket. Waliomsikia walimwajiri awe mhutubiaji wao. Katika tawasifu yake ya pili, ya mwaka 1855, anaeleza jinsi viongozi wa wapinga utumwa hao, rafiki zake wa kweli, walivyomsihi asimulie tu yaliyomsibu, uchambuzi awaachie wao. Alishauriwa hata abakize lafudhi kidogo ya shambani ili aaminike. Kijana aliyekuwa akisoma na kufikiri kila siku alitakiwa kuurudia usiku baada ya usiku mkasa uleule, na anakiri kwamba ulimchosha. Mwaka 1847 alianzisha gazeti lake mjini Rochester, ingawa William Lloyd Garrison, mmoja wa viongozi hao, hakuliafiki wazo hilo. Katika hotuba yake ya tarehe 5 Julai 1852 makovu ya mgongo wake si mada tena. Aliyeshtakiwa ni taifa: sheria ya mwaka 1850 ya kuwarudisha watoro, biashara ya watumwa ya ndani, makanisa yaliyoibariki. Uchambuzi aliokatazwa aliutwaa mwenyewe.

Nisieleweke kwamba naidharau skrini. Mwanafunzi wa Mombasa mwenye bando dogo anaweza kumsikiliza mwandishi aliye New York, na mwandishi wa Kiafrika anaalikwa Ulaya bila kupiga foleni ya viza, foleni ambayo nayo ina habari zake kuhusu rangi. Kasoro iko kwenye maswali, nayo ingekuwepo hata ukumbini.

Layla Saad, Mwingereza mwenye asili ya Afrika Mashariki anayeishi Qatar, aliyageuza maswali hayo. Mwaka 2018, kupitia Instagram, aliwapa wasomaji Weupe zoezi la siku 28. Kila siku walipata swali, nao waliandika waliyoyatenda au kuyanyamazia. Zoezi likawa kijitabu cha bure, kisha kitabu mwaka 2020. Hapa anayetoa ushuhuda ni anayenufaika na ubaguzi, si anayeumizwa nao. Naliona jambo hilo kuwa la maana sana, ingawa lina mpaka wake: daftari la toba linaweza kujaa bila mwajiri yeyote kubadili anavyoajiri.

Abdulrazak Gurnah alikuwa ameipita njia nyingine mapema. Daud, mhusika mkuu wa riwaya yake *Pilgrims Way* (1988), ni Mtanzania anayefanya kazi za chini hospitalini Canterbury, anatukanwa mitaani, naye hulipiza kwa barua za kejeli anazozitunga kichwani. Gurnah hampi ushindi wa kupigiwa makofi. Tarehe 7 Oktoba 2021, baada ya kutangazwa mshindi wa Nobel, alihojiwa kwa simu na watu wa tuzo hiyo. Yeye aliyeondoka Zanzibar akiwa kijana angeweza kusimulia safari yake, na nani angechoka kumsikiliza? Badala yake alikumbusha kwamba Wazungu wametawanyika duniani kwa karne nyingi, akasema kinachoisumbua Ulaya ni aina ya uchoyo, na kwamba wanaoingia huko hawaji mikono mitupu. Yalikuwa mazungumzo mafupi ya mbali, bila hata picha, lakini hoja haikumezwa na mkasa. Sehemu ya sifa ni ya aliyeuliza: swali lake lilihusu mgawanyiko kati ya watu na tamaduni, halikuanzia kwenye jeraha la mwandishi.