Kidonge cha Koch, kopo la Ross

Jumamosi nilikuwa kwa mama, Temeke. Akanituma nimtafutie pini kwenye droo ya kabati, nikakuta mambo: vidonge vinne vya mseto kwenye karatasi iliyokwisha kukatwa, chupa ya dawa ya kikohozi iliyobaki nusu, na amoksilini kadhaa zimefungwa kwenye kipande cha gazeti.

"Mama, hivi vyote vya nini?"

"Akiba, mwanangu. Homa ikija usiku wa manane, duka la dawa limefungwa."

Nyuma ya nyumba, karibu na pipa la taka, kopo la rangi lilikuwa limejaa maji ya mvua. Ndani viluwiluwi wanacheza.

Nimekuwa nikiiwazia ile droo na lile kopo tangu siku hiyo, kwa sababu ugomvi kati ya hivyo viwili ulianza zamani sana, na sehemu yake ilianzia mji huu huu.

Mwaka 1897 mabingwa wawili walikuwa wakihangaika na malaria. Mwezi Agosti, huko Secunderabad, India, daktari Mwingereza Ronald Ross alikiona kimelea cha malaria ndani ya tumbo la mbu. Na Mjerumani Robert Koch alikuwa katika safari iliyomfikisha hapa Dar es Salaam, akipima damu za watu. Baadaye kila mmoja akaja na tiba yake. Koch alisema: pima watu, mwenye kimelea ameze kwinini, ugonjwa utakosa pa kuishi. Ross akasema: shughulika na mbu, fukia madimbwi, zoa takataka. Serikali ya Kijerumani ilimfuata mtu wao, na mwaka 1901 kampeni ya kwinini ikaanza Dar. Tusijidanganye, aliyekuwa akilindwa kwanza ni Mzungu. Mwaka huo huo kule Freetown watu wa Ross walipita nyumba hadi nyumba wakizoa makopo na chupa.

Ukiniuliza mimi, Koch ndiye aliyeshinda vichwani mwetu. Ukiumwa, meza kidonge. Basi.

Na kidonge kilichotuzoesha hivyo ni klorokwini. Kilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934, na baada ya Vita Kuu ya Pili kikasambaa duniani. Kilikuwa rahisi, kikiuzwa hata dukani kwa Mangi pamoja na sukari na kiberiti. Mtu mzima alitakiwa kumeza kumi: vinne, vinne, viwili, kwa siku tatu. Lakini nani hakumbuki kule kuwashwa? Unajikuna mpaka unataka kujisugua ukutani. Siku ya pili homa imepungua, mwasho umezidi, na hivyo vilivyobaki vinaingia kwenye droo.

Siyo kwamba usugu uliletwa na kabati la mama yangu. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba vimelea sugu vilisafiri kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, na Afrika Mashariki walionekana mwishoni mwa miaka ya 1970. Ila vilikuta mazingira mazuri: dawa kila mahali, mara nyingi kwenye damu kwa kiwango kisichotosha kuua, kwa hiyo kimelea dhaifu kinakufa na kile sugu kinabaki peke yake kuzaana. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001 na kuhamia SP. SP nayo haikudumu, tukaingia kwenye mseto, ALU, kuanzia mwishoni mwa 2006. ALU ya mtu mzima ni vidonge 24, vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu. Vile vinne vya mama ni dozi nzima ya mwisho. Na safari hii hatuna pa kukimbilia haraka: Rwanda na hapa kwetu Kagera wameshaonekana vimelea wanaochelewa kufa kwa artemisinini, ingawa ALU bado inatibu.

Wakati huo kopo la Ross lilikuwa linatusubiri. Mwaka 2014 dengue iliikumba Dar, na mwaka 2019 ikarudi na wagonjwa zaidi ya 6,000 nchini, wengi wao hapa mjini. Mbu wake anauma mchana na anapenda hasa tunavyovitupa: makopo, vifuu, matairi. Yule wa malaria hupendelea zaidi madimbwi na mitaro, ile tunayoiziba kwa taka. Na dengue haina kidonge kinachoua kirusi chake. Watu walimeza mseto wakidhani ni malaria, homa iko pale pale. Baadhi walimeza aspirini, ambayo kwa mgonjwa wa dengue ni hatari kwa sababu inaongeza kutoka damu.

Mji ulishajaribu njia ya Ross pia. Mwaka 2004 ulianzishwa mpango ambapo wakazi wa mitaa walipita kila wiki kukagua maji yaliyotuama, na baadaye kuweka dawa ya viluwiluwi. Ni kazi isiyo na sifa. Hakuna anayekumbuka homa ambayo hakuugua.

Nilimweleza mama haya yote tukiwa tumekaa barazani. Alisikiliza vizuri. Amoksilini na ile chupa alinipa, nikazipeleka kwa mfamasia. Kopo nimelitoboa chini, kapanda vitunguu majani. Ila vile vinne vya mseto amekataa kata kata.

"Wewe unakaa Sinza," aliniambia. "Saa nane za usiku hupo hapa."