T Iliyodondoka Norwei

Mswidi akiitaja nyumba ya kwao huandika ett svenskt hus. Mnorwei huandika et norsk hus, na Mdenmaki et dansk hus. Nomino ni ile ile, ya jinsia isiyo ya kiume wala ya kike, ambayo kwa kawaida hudai kivumishi kiishie na t. Uswidi vivumishi vya taifa hutii, kwa majirani vinakataa. Maelezo mepesi ni ya kisiasa. Norwei ilikuwa na mfalme mmoja na Denmaki tangu 1380 hadi 1814, na baada ya Matengenezo ya kidini Biblia na sheria zilisomwa kwa Kidenmaki, huku Uswidi ikiwa na Biblia yake tangu 1541. Lakini Aislandi nayo ilitawaliwa kutoka Copenhagen kwa karne nyingi, na hadi leo ina danskur, dönsk na danskt, jinsia zote tatu. Visiwa vya Faroe vingali ndani ya ufalme wa Denmaki, na watu wake huandika føroyskt. Utawala, basi, hauwezi kuwa sababu pekee.

Wengine watasema ni uvivu wa ulimi: s, k na t zikifuatana zinachosha. Hoja hiyo inavunjwa na tufaha. Mdenmaki anaruhusiwa kuandika et friskt æble, tufaha bichi lenye utamu wake, ila danskt haruhusiwi kamwe, ingawa mwisho wa maneno hayo mawili ni sauti zile zile. Tofauti iko katika ukoo wa neno. Frisk ni shina. Dansk limeundwa kwa kiambishi kile kile cha politisk na historisk, na maneno ya ukoo huo Denmaki na Norwei hayapokei t. Msemaji wa Kiswahili hatashangaa: tunasema kiti kizuri, lakini kiti safi, wala hakuna anayeilaumu safi kwa kukosa ki-.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Wanorwei walirithi kanuni hiyo kutoka vitabu vya Kidenmaki. Kwa bokmål, namna moja ya kuandika Kinorwei, iliyokua kutokana na maandishi hayo, sikatai. Ila nynorsk, namna ya pili, ambayo Ivar Aasen aliijenga katika karne ya 19 juu ya lahaja za vijijini, kwa makusudi ya kuachana na Kidenmaki, leo nayo huandika eit norsk hus.