Virginia Hall

Virginia Hall (6 Aprili 1906 – 8 Julai 1982) alikuwa jasusi Mmarekani aliyewapanga na kuwapa silaha wapiganaji wa Ufaransa waliopinga uvamizi wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Alifanya kazi hiyo kwa awamu mbili: kwanza chini ya Uingereza, kisha chini ya Marekani. Muda wote huo mguu wake wa kushoto ulikuwa wa mbao.

Maisha ya awali

Hall alizaliwa Baltimore, katika jimbo la Maryland. Alisoma vyuo vya Radcliffe na Barnard, kisha akaendelea na masomo Paris na Vienna. Alitamani kuwa mwanadiplomasia, lakini nafasi aliyoipata mwaka 1931 ilikuwa ya ukarani katika ubalozi wa Marekani mjini Warsaw. Baadaye alihamishiwa Izmir, Uturuki. Huko, mwezi Desemba 1933, akiwa katika mawindo ya ndege, bunduki yake ilifyatuka na kumjeruhi unyayo. Kidonda kilioza, na madaktari wakaukata mguu chini ya goti ili kuyaokoa maisha yake. Mguu wa bandia aliovishwa aliupa jina, Cuthbert.

Alipoomba tena kupanda ngazi ya udiplomasia, alijibiwa kwamba kanuni hazimruhusu mtu aliyekatwa kiungo. Aliacha kazi mwaka 1939, na mwaka uliofuata akawa dereva wa gari la wagonjwa katika jeshi la Ufaransa, hadi nchi hiyo iliposalimu amri.

Lyon, 1941–1942

Akiwa London alijiunga na SOE, idara ya siri ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1940 kwa ajili ya hujuma nyuma ya mistari ya adui. Agosti 1941 aliingia sehemu ya Ufaransa iliyotawaliwa na serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani, akijitambulisha kama mwandishi wa gazeti la New York Post. Kazi hiyo ilimpa sababu ya kusafiri na kuulizauliza maswali.

Kituo chake kilikuwa Lyon. Aliwatafutia majasusi wapya malazi, fedha na vyeti bandia, akawaficha marubani walioangushwa na kuwatorosha kuelekea Hispania. Aliwategemea watu wa kawaida wa mji. Daktari Jean Rousset alikuwa na kliniki ambayo wageni wangeweza kuingia na kutoka bila kutiliwa shaka, na Germaine Guérin, mwenye danguro, alitoa vyumba vya kujificha. Julai 1942 Hall alishiriki kupanga mpango uliowatoa wafungwa 12 katika kambi ya Mauzac.

Wajerumani walijua kuna mwanamke anayechechemea, wakaanza kumsaka. Padre Robert Alesch, aliyejifanya mpinzani huku akilipwa na Wajerumani, alipenya mtandao huo. Rousset na Guérin walikamatwa na kupelekwa katika kambi za mateso. Novemba 1942, majeshi ya Ujerumani yalipoingia kusini mwa Ufaransa, Hall alikimbia na kuvuka milima ya Pirenei kwa miguu katika theluji. Aliitumia London ujumbe kwamba huenda Cuthbert akasumbua. Ofisa aliyeupokea, akidhani Cuthbert ni mtu, alijibu kwamba akisumbua auawe. Hispania ilimfunga kwa wiki kadhaa kabla hajaachiliwa.

Kurudi Ufaransa, 1944

SOE ilikataa kumrudisha Ufaransa, kwa kuwa sasa alijulikana. Alihamia OSS, idara ya ujasusi ya Marekani, akashushwa kwa mashua pwani ya Bretagne mwezi Machi 1944. Safari hii alijigeuza bibi kizee wa shamba: nywele zilizotiwa rangi ya mvi, sketi zilizovaliwa moja juu ya nyingine, na mwendo wa kuburuta miguu. Kwa bibi kizee, kuchechemea si jambo la kumshangaza mtu. Alichunga mifugo mchana huku akihesabu misafara ya Wajerumani, na usiku akatuma habari kwa mtambo wa redio.

Baadaye alihamia milima ya Haute-Loire, akapokea silaha zilizodondoshwa kwa miavuli na kuwapanga wapiganaji wa msituni. Vikosi hivyo vilivunja madaraja, vikakata reli na nyaya za simu, na kuwasukuma Wajerumani nje ya eneo hilo kabla majeshi ya Washirika hayajafika.

Heshima na miaka ya baadaye

Uingereza ilimpa nishani ya MBE mwaka 1943. Septemba 1945 Marekani ilimvisha Distinguished Service Cross. Ndiye mwanamke raia pekee aliyeipata katika vita hivyo. Hakutaka sherehe ya hadharani, kwa kuwa alikusudia kuendelea na kazi ya siri. Alikuja kuwa ofisa wa CIA, akastaafu mwaka 1966. Aliolewa mwaka 1957 na Paul Goillot, aliyekutana naye katika milima ya Haute-Loire wakati wa vita.

Hall hakuandika kitabu cha kumbukumbu zake, na alifariki Maryland akiwa na umri wa miaka 76. Jengo moja ambamo CIA huwafunza maofisa wake sasa lina jina lake.