Vyombo vya Mkate wa Kumimina
Sufuria, mfuniko, mbuzi na kifumbu
Pwani ya Waswahili

Kwa vyombo hivi huokwa mkate wa mchele unaopendwa Unguja, Pemba na Mombasa, hasa mwezi wa Ramadhani. Mchele hurowekwa usiku kucha. Nazi hukunwa kwa mbuzi, tui likachujwa kwa kifumbu. Mchele husagwa na tui, iliki, sukari na hamira. Rojo likiumuka, humiminwa kwenye sufuria iliyopakwa samli.

Tazama mfuniko: umeungua upande wa juu. Makaa huwekwa chini na juu, mkate uive kote.

Kipimo kilikuwa jicho na kiganja, binti akijifunza kwa mama. Vyombo vimehifadhiwa ili anayekumbuka ladha tu azijue na hatua za kuoka mkate huu.