Vyura wa Kihansi: somo la kuhesabu na kuosha buti

Ndugu mkulima na mfanyabiashara wa Ilomba, wengi walizichukulia habari za vyura wa Kihansi kama mzaha: chura naye apande ndege kwenda Marekani! Lakini historia yao inakuhusu wewe unayefuga na kulima.

Vyura hawa, wasiozidi sentimita 3, waligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, Milima ya Udzungwa. Waliishi kwenye manyunyu ya maporomoko, eneo la ekari 5 hivi. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yalielekezwa kwenye mitambo ya umeme na manyunyu yakakauka. Vyura 499 wakapelekwa Marekani kutunzwa. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji, na idadi ikapanda.

Juni 2003 walikadiriwa kuwa takriban 20,000. Januari 2004 walionekana watatu tu. Miezi saba!

Vyura waliokufa walikutwa na fangasi aitwaye kitridi, anayeshambulia ngozi, na chura hupitisha maji na hewa kwa ngozi yake. Pia ilitajwa tope la bwawa lililofunguliwa mwaka huo, likiwa na viuatilifu vya mashamba ya juu ya mto. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Wale wa Marekani ndio waliookoa uzao: 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 vyura wakaanza kurejeshwa korongoni. Tangu hapo kazi ni kuwahesabu na kupima ngozi zao kwa pamba, maana ugonjwa ukishaingia porini ni vigumu sana kuufukuza.

Kwako wewe:

1. Hesabu mifugo yako na uandike, hata kama ni kuku kumi. Bila hesabu ya jana hutajua leo umepungukiwa.
2. Osha buti na vifaa, kisha vikauke, kabla ya kuingia banda jingine. Kitridi husafiri kwa tope na maji. Homa ya nguruwe, isiyo na tiba, nayo hubebwa na buti.
3. Usioshee bomba la dawa mtoni. Aliye chini yako anayanywa maji hayo.
4. Ukiona vifo visivyo vya kawaida, usiuze wala usitupe mzoga. Mwite afisa mifugo siku hiyohiyo.