Vita vya wenye maduka Marekani dhidi ya ada za kadi

KWA zaidi ya miongo miwili, wenye maduka nchini Marekani wamekuwa wakivutana na benki kuhusu ada wanayokatwa kila mteja anapolipa kwa kadi.

Mteja huamini amelipa dola 100 kamili, lakini mwenye duka hapati kiasi hicho. Sehemu kubwa ya makato huiendea benki iliyotoa kadi, na viwango vyake hupangwa na kampuni za Visa na Mastercard, wala si kwa maafikiano ya duka na benki. Isitoshe, kwa miaka mingi imemlazimu muuzaji anayekubali kadi moja ya mkopo ya Visa azikubali zote, zikiwemo zile zinazomtuza mteja kwa tiketi za ndege. Ada za kadi hizo huwa juu zaidi. Tuzo, bila shaka, haitoki mfukoni mwa benki.

Mwaka 2005 wafanyabiashara walifungua kesi mjini Brooklyn. Mnamo 2009, maduka ya 7-Eleven yaliwasilisha kwa Congress sahihi zaidi ya milioni 1.6 za wateja.

Mwaka uliofuata, Seneta Richard Durbin wa Illinois alifaulu kuingiza kipengele katika sheria ya Dodd-Frank. Kuanzia Oktoba 1, 2011, ada ya kadi za debiti za benki kubwa, iliyokuwa wastani wa senti 44, iliwekewa kikomo cha senti 21 na asilimia 0.05 ya bei, pamoja na senti moja ya kukabili ulaghai.

Ushindi huo ulikuwa na miiba. Awali, auzaye kahawa ya dola mbili alitozwa senti chache tu. Kampuni za kadi ziliondoa nafuu hiyo, kikomo kikageuka kiwango cha kawaida, naye akajikuta akilipa zaidi ya zamani. Kadi za mkopo hazikuguswa, ilhali Muungano wa Ulaya ulizibana mwaka 2015 zisizidi asilimia 0.3.

Kuhusu kesi ya Brooklyn, mapatano ya 2012 yalifutwa na mahakama ya rufaa mwaka 2016. Fidia ya takriban dola bilioni 5.5 iliidhinishwa 2019, lakini Juni 2024 Jaji Margo Brodie alikataa mapatano ya kupunguza ada. Mapendekezo mapya ya Novemba 2025, yanayomruhusu muuzaji kukataa baadhi ya aina za kadi, yalipingwa mara moja na vyama vikuu vya wauzaji wa rejareja.