Kiboko Ndani ya Picha

Mtu aliyekomalia kwenye lubunga anajua kwamba mahali mtu anapoketi panasema kabla hajafungua kinywa. Picha yenye watu wengi inasomwa hivyo hivyo: nani amesimama, nani amelala chini, nani ameshika fimbo.

Huko Urusi, Ilya Repin alichora kati ya 1880 na 1883 picha kubwa ya maandamano ya dini katika jimbo la Kursk. Watumwa wa mashamba walikuwa wamepewa uhuru tangu 1861. Lakini tazama: mama mmoja tajiri anabeba picha takatifu, askari juu ya farasi anainua kiboko juu ya watu, na kijana mwenye kibyongo, anayetembea na gongo, anazuiwa kwa fimbo asikaribie. Njia ni moja, Mungu ni mmoja, lakini si wote wanaruhusiwa kusogea.

Sisi pia tuna picha yetu. Miaka ya 1970, ku Lubumbashi na miji mingine ya Shaba, wachoraji waliuza ile inayoitwa Colonie belge. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa 1947, ni mmoja wao. Kwenye uwanja wa gereza mfungwa amelazwa chini, askari anampiga matakoni. Mbelgiji anasimama kando, anaangalia tu. Bendera yake iko juu. Nyingi ziliandikwa 1885-1959: toka Leopold wa Pili alipopata Kongo mpaka mwaka mmoja mbele ya uhuru.

Neno liko wapi? Anayepiga ni mweusi sawa na anayepigwa. Mzungu hagusi kitu, mikono yake ni safi. Ile fimbo ilitoka kwa ngozi ya kiboko, na Kiswahili kimewapa mnyama na fimbo jina moja. Sisi watu wa ziwa Tanganyika tunamjua mnyama. Wazee wetu waliijua na fimbo, juu ya kodi, mashamba ya lazima na barabara.

Basi juu ya nini mtu atundike maumivu hayo sebuleni? Wenyewe waliziita picha hizo ukumbusho. Tena, wakati wa Mobutu haikuwa salama kusema ovyo. Mwenye nyumba aliweza kusema, "Ni mambo ya Wabelgiji," na mgeni akamwangalia yule askari, akaelewa yake.

Hapa Fizi, vita vya 1996 na 1998 vilitukimbiza, wengi mpaka Tanzania. Kuta nyingi zilibaki bila ukumbusho wowote, na kuna watoto waliozaliwa kambini ambao hawajasikia kisa cha babu yao. Tuwaulize wazee wakingali hai, tuandike, na mwenye mkono wa kuchora achore. Lakini asimchore Mbelgiji peke yake. Yule aliyeshika kiboko, ndugu yetu, naye asifichwe. Maana Wabelgiji walienda mwaka 1960, fimbo ikabaki.